Stata Mpya Isiyozunguka

Hapa kwetu Kisumu lori kuukuu la jeshi huweza kubeba karo ya watoto wa nyumba nzima. Basi limefungwa stata nyingine, nalo lalia "ta!" tu, na mwenyewe yuko mbioni kuirudisha dukani. Tungoje kidogo.

Malori mengi ya jeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo. Gia iwe huru (lori likiruka huua, jamani), kisha tupime betri mtu akiwasha. Zikishuka chini ya volti 18 hivi, tuzichaji kwanza. Zisiposhuka, tuweke mita kati ya hasi ya betri na mwili wa stata, mtu akiwasha tena. Ikizidi volti moja, umeme haupati njia ya kurudi. Mara nyingi ni rangi tu: stata iliyofanyiwa ukarabati hupakwa hata pale inapokutana na injini. Au ni kutu, na unyevu wa ziwa letu twaujua. Tufungue waya wa betri, tukwangue mpaka chuma king'ae.

Upande wa chanya tuupime vivyo hivyo. Pande zote zikiwa safi na bado yalia "ta!", hapo irudishwe dukani.