Fahamu: Wilberforce, chuo cha kwanza kumilikiwa na Wamarekani Weusi

Chuo Kikuu cha Wilberforce kiko Ohio, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1856 na Kanisa la Methodisti, wakati katika majimbo mengi ya Kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Jina lake linamuenzi William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa.

Kwa nini kilifungwa?

Wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watoto ambao mabwana wa mashamba ya Kusini waliwazaa na wanawake watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mabwana hao wakaacha kulipa ada, na mwaka 1862 milango ikafungwa.

Nani alikiokoa?

Mwaka 1863, Askofu Daniel Payne wa Kanisa la AME (African Methodist Episcopal), lililoundwa na Weusi waliokataa kubaguliwa ibadani, alikubali kukinunua kwa dola 10,000. Aprili 1865 jengo kuu liliteketezwa kwa moto. Waumini walichanga, wakajenga upya.

Kina uhusiano gani na Afrika?

Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini alisomea hapo, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini mwake kupata shahada. Mwalimu wake mmoja alikuwa W. E. B. Du Bois, mwanazuoni Mweusi wa Marekani.

Mijadala ya leo kuhusu ufadhili wa vyuo vya Weusi isisahau historia hii: elimu ya vyuo hivyo ilijengwa pia kwa michango ya waumini Weusi, nayo inastahili kulindwa.