Mti Katika Picha ya Pasteli: Maelezo Juu ya Baadhi ya Istilahi za Uchoraji

Mfasiri wa mwongozo wa uchoraji hukutana mara kwa mara na sentensi inayoeleza kwamba mti una giza zaidi kuliko mbingu iliyo nyuma yake. Jambo lenyewe ni jepesi. Lakini neno ambalo wachoraji wa Kiingereza hulitumia kutaja kadiri ya mwanga na giza ndilo hilo hilo linalotumiwa kutaja bei ya kitu au ubora wake. Mfasiri asiyeijua kazi ya uchoraji huandika basi: "Mti una thamani ndogo kuliko mbingu." Mwalimu huisoma sentensi hiyo darasani, wanafunzi huinakili, na hakuna hata mmoja ajuaye afanye nini na rangi aliyoishika mkononi.

Kosa la namna hii si la sarufi. Sentensi ni Kiswahili safi, ila haifundishi kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi za ufundi hazipatikani kwa kulitazama neno la kigeni peke yake, bali kwa kuifuata kazi yenyewe hatua kwa hatua. Mfano tuliouchagua ni uchoraji wa miti katika mandhari kwa rangi za pasteli.

Pasteli ni nini?

Pasteli ni kijiti cha rangi kilichotengenezwa kwa unga wa rangi uliokandwa pamoja na chokaa laini au udongo mweupe, na gundi kidogo tu ya kuushikanisha. Jina lake limetokana na Kiitaliano, na asili yake ni neno lenye maana ya donge lililokandwa. Mchoraji hatumii maji wala mafuta. Hukipitisha kijiti juu ya karatasi kikiwa kikavu, na unga hubaki hapo.

Wapo wanaoiita pasteli "chaki". Jina hilo halifai. Chaki ya ubaoni, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa jasi, ina rangi kidogo sana, na imekusudiwa kufutwa. Pasteli bora hujaa rangi, nayo imekusudiwa kudumu. Wengine huliona neno hili wakadhani lina maana ya rangi hafifu, kwa kuwa katika maduka ya nguo na ya rangi za nyumba hutumiwa hivyo. Hapo pia yafaa kujihadhari. Mfaransa Edgar Degas (1834–1917) aliwachora wachezaji wa jukwaani kwa pasteli zenye rangi kali mno, na mwaka 1892 alionyesha mjini Paris picha za mandhari alizozitia pasteli. Kwa hiyo tunapendekeza neno "pasteli" litumike kwa kijiti na kwa picha iliyochorwa kwacho, na rangi zilizopoa ziitwe "rangi hafifu". Vijiti vilivyochanganywa na mafuta na nta, ambavyo ni vya aina nyingine, viitwe "pasteli za mafuta".

Msasa wa karatasi

Unga wa pasteli haukai juu ya karatasi laini kama kioo. Huhitaji karatasi yenye vinundu vidogo vidogo vya kuukamata. Kwa Kiingereza sifa hiyo huitwa kwa jina la jino, lakini "meno ya karatasi" yatamchekesha msomaji wetu kabla hayajamwelimisha.

Kiswahili kinalo neno tayari. Msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Kisha jina la mti likahamia kwenye karatasi ya dukani ifanyayo kazi hiyo hiyo. Hakuna kizuizi cha kusema "msasa wa karatasi", yaani ule ukwaruzaji unaoshika rangi. Tena msasa huo una kikomo: baada ya tabaka kadhaa za rangi vinundu hujaa, na unga mpya huteleza ukaanguka. Hapo yatosha kusema kwamba karatasi imeshiba. Kila aliyewahi kula ataelewa.

Hatua za kuchora mti

Mwanafunzi anayeanza huchora jani baada ya jani, na mwisho hupata majani mengi pasipo mti. Mchoraji mzoefu huanza na umbo zima: hukunja macho kidogo ili vitu vidogo vipotee, kisha hutazama kama mti ule ni mwavuli kama mgunga, ni kichuguu kikubwa kama mwembe, au ni nguzo yenye shada juu kama mnazi. Umbo hilo hulipaka kwa ubavu wa kijiti, si kwa ncha. Tofauti ya "ubavu" na "ncha" yafaa ihifadhiwe katika tafsiri, maana ubavu hutoa eneo na ncha hutoa mstari.

Hatua ya pili ni kupanga madaraja ya mwanga. Hili ndilo neno tunalolipendekeza mahali pa ile "thamani" tuliyoitaja. John F. Carlson, mchoraji wa mandhari wa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alifundisha kwamba kwa kawaida mbingu, iliyo chanzo cha mwanga, huwa na daraja la juu kabisa. Hufuata ardhi tambarare inayoupokea mwanga huo kutoka juu. Kisha miteremko ya milima. Na mwisho vitu vilivyosimama wima, hasa miti. Sasa sentensi yetu yaweza kuandikwa: "Mti una daraja la chini la mwanga kuliko mbingu." Mwanafunzi akiisoma atajua achukue kijiti kipi.

Hatua ya tatu ni giza lililo ndani ya mti. Hapa Kiswahili kina utajiri tunaousahau. Kamusi hutupa "kivuli" na pia "uvuli". Kwa matumizi ya kila siku maneno haya hukaribiana sana, lakini mchoraji anahitaji kuyatenga. Tunapendekeza "uvuli" liwe ule upande wa mti usiopata jua, na "kivuli" liwe lile umbo la giza ambalo mti hulitupa ardhini. Giza hupakwa kwanza, kisha mafungu ya majani yaliyopata jua huwekwa juu yake.

Hatua ya nne ni mianya ya anga, yaani zile nafasi ambazo mbingu huonekana kati ya matawi. Mianya ikikosekana mti huwa kama jiwe. Ikizidi huwa kama chekecheke. Rangi yake haina budi kuwa na giza kidogo kuliko mbingu iliyo wazi, kwa kuwa mwanga unaopita katika nafasi ndogo hupunguzwa na majani yaliyouzunguka. Mwisho huja shina, panda, matawi na vitawi, maneno ambayo hayahitaji mkopo wowote.

Kijani si rangi ya kila jani

Neno "kijani" limetokana na jani, na pengine ndiyo sababu twaona vigumu kuamini kwamba jani laweza kuwa na rangi nyingine. Lakini majani machanga ya mwembe huwa mekundu kama shaba, na miti iliyo mbali huelekea samawati kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na macho yetu. Jean-François Millet, aliyehamia kijiji cha Barbizon nchini Ufaransa mwaka 1849 na kuchora mandhari nyingi kwa pasteli katika miaka ya 1860, hakutegemea kijani peke yake. Mfasiri akikuta mti wa zambarau katika maelezo, asilisahihishe kosa ambalo halipo.

Muhtasari wa istilahi

Pasteli: kijiti kikavu cha unga wa rangi, pia picha iliyochorwa kwacho.
Msasa wa karatasi: ukwaruzaji unaoshika unga wa rangi.
Kushiba: hali ya karatasi kutoweza kupokea rangi zaidi.
Ubavu, ncha: sehemu za kijiti zinazotoa eneo na mstari.
Daraja la mwanga: kadiri ya mwanga au giza ya rangi, bila kujali ni rangi gani.
Uvuli: upande wa kitu usiopata jua.
Kivuli: umbo la giza linalotupwa na kitu.
Mianya ya anga: nafasi za mbingu kati ya matawi.

Maneno haya ni mapendekezo. Walimu wa uchoraji wayajaribu darasani, kwa maana huko ndiko itakakojulikana iwapo yanafaa: neno likitamkwa na mkono wa mwanafunzi ukaenda panapostahili, limekwisha kuwa istilahi.