Nakala ni ya Nani? Majarida ya Kielektroniki na Msomaji wa Eldas

Kuhama kwa uchapishaji wa kitaaluma kutoka karatasi hadi mtandao aghalabu huelezwa kama badiliko la chombo tu: kwamba makala yale yale sasa husomwa kwenye kioo cha kompyuta badala ya kurasa. Maelezo hayo ni pungufu. Kilichobadilika zaidi ni haki ya maktaba juu ya maandishi inayoyatoa kwa wasomaji. Jambo hilo hudhihirika vyema mahali palipo mbali na vyuo vikuu, mathalani Eldas, katika Kaunti ya Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ambako hata mji wa Garissa uko umbali wa zaidi ya kilomita 300.

Uhaba wa vitabu katika eneo hilo si jambo jipya. Mwaka 1996 Shirika la Huduma za Maktaba la Kenya lilianzisha maktaba ya ngamia huko Garissa, na baadaye huduma hiyo ikaenezwa hadi Wajir. Vitabu vilitiwa masandukuni, vikapakiwa juu ya ngamia, vikapelekewa wafugaji na wanafunzi wasiofikiwa kwa urahisi na gari. Mpango huo ulitegemea kanuni ambayo hakuna aliyehitaji kuitaja: vitabu vilikuwa mali ya maktaba. Maktaba iliyonunua kitabu iliweza kumwazima msomaji yeyote, popote alipo, bila ya kumwomba mchapishaji idhini.

Jarida la kielektroniki linalotolewa kwa ada halifuati kanuni hiyo. Kwa kawaida maktaba hainunui nakala, bali hulipia ruhusa ya kusoma kwa muda. Wanaoruhusiwa hutajwa katika mkataba, nao ni wahadhiri na wanafunzi wa chuo kinacholipa. Ada isipolipwa, ruhusa hukoma. Na mkataba usipoeleza vinginevyo, hata matoleo ya miaka iliyokwisha kulipiwa huweza kutoweka. Zamani, maktaba iliyoacha kununua jarida ilibaki na juzuu zake rafuni.

Ili kupunguza mzigo wa ada, maktaba za Kenya ziliunda ushirika wao, KLISC, mwaka 2003, ili kujadiliana na wachapishaji kwa pamoja. Vilevile, Chuo Kikuu cha Garissa kilipewa hati ya kujitegemea mwaka 2017, na hivyo eneo hilo likapata chuo kikuu chake. Hatua hizo ni za manufaa makubwa kwa waliosajiliwa vyuoni. Lakini mwalimu wa Kiswahili aliyeko Eldas, asiyesajiliwa katika chuo chochote, hamo katika mikataba hiyo, hata simu yake ikiwa na mtandao mzuri.

Ipo njia nyingine, yaani uchapishaji huria. Tamko la Budapest la mwaka 2002 liliueleza kuwa ni ule unaomruhusu mtu kusoma, kupakua, kunakili na kusambaza makala bila malipo. Taaluma ya Kiswahili ilipata mfano wake mapema: Swahili Forum, lililoanza Cologne mwaka 1994, lilianza kutolewa bure mtandaoni kutoka Mainz mwaka 2003. Hata hivyo, kuwamo mtandaoni si sawa na kuwa huria. Katika African Journals Online, mkusanyo wa majarida ya Afrika ulioanzishwa mwaka 1998, yamo majarida yasomwayo bure na mengine yanayotoza ada.

Ruhusa ya kunakili ina uzito wa pekee mahali ambapo umeme na mtandao si vya kutegemewa. Makala huria yakipakuliwa mara moja mjini Wajir, yaweza kubebwa katika flashi, kuwekwa katika kompyuta ya shule, au kuchapwa karatasini na kugawiwa. Kwa njia hiyo maktaba hurejeshewa uwezo iliokuwa nao ilipotuma ngamia.

Nakala nyingi ni kinga pia. Jarida la Kamati ya Lugha ya Kiswahili lililoanza mwaka 1930 lingali linasomwa kwa kuwa juzuu zake zilitawanywa katika maktaba nyingi. Mpango wa LOCKSS, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, umejengwa juu ya wazo hilo hilo: maktaba mbalimbali huhifadhi nakala za faili zile zile. Jarida lililowekwa katika tovuti moja tu ya idara lingeweza kupotea lote siku tovuti hiyo itakapofungwa.

Ni kweli kwamba uchapishaji huria hauondoi gharama. Uhariri bado unahitaji watu na fedha, na baadhi ya majarida huwahamishia waandishi mzigo huo. Hata hivyo, idara ichapishayo jarida la Kiswahili yapaswa kuamua mambo matatu kabla ya kuacha karatasi: nani ataruhusiwa kusoma, nani ataruhusiwa kunakili, na ni maktaba zipi zitakazohifadhi nakala. Yasipoamuliwa hayo, utafiti uliofanywa Wajir juu ya Kiswahili cha wasemaji wa Kisomali waweza kusomwa Leipzig na usisomwe Eldas.