Tembea Uone: Siku Mbili kwa Miguu Kisiwani Unguja

Akina mama wengi tunasafiri kwa sababu ya msiba, harusi au mgonjwa. Safari ya kwenda kutazama na kujifunza tu tunaiona kuwa ni anasa ya watalii. Lakini watoto wetu wanapotuuliza habari za nchi yao, tutawajibu nini?

Huko Nepal, kwenye milima ya Himalaya, watu kutoka pande zote za dunia hutembea kwa miguu siku nyingi wakiwa na kiongozi. Njiani hupita kwenye nyumba za watawa wa Kibudha, na kiongozi huwafundisha desturi za mahali pale. Wakifika kwenye ukuta wa mawe yaliyochongwa sala, wanapita huku ukuta ukiwa upande wa mkono wao wa kulia. Mgeni ambaye si Mbudha naye hufanya hivyo, kwa kuwaheshimu wenyeji.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Hapa Unguja msitu, makanisa na misikiti ya kale viko karibu karibu. Kundi letu la akina mama wa kanisani tulichangishana nauli, tukamtafuta mwongozaji mwenye kibali, tukatenga siku mbili. Tunawaandikia tuliyoyaona, ili nanyi mkipata nafasi mwende na watoto wenu.

Siku ya kwanza: Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Vichochoro vyake havipitiki kwa gari, kwa hiyo kila mtu, tajiri na maskini, ni lazima atembee. Tulianzia Zahanati ya Zamani iliyoko ufukweni karibu na bandari, yenye veranda za mbao zilizochongwa kama lesi. Mfanyabiashara Tharia Topan aliyeanza kuijenga mwaka 1887 alifariki kabla haijakamilika. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tulisimama pale kwa muda. Ni vizuri kukumbuka kwamba mtu anaweza kuanzisha jambo jema likamaliziwa na wengine.

Tukapita Minara Miwili, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na mapadre Wafaransa katika miaka ya 1890. Kisha tukafika Mkunazini.

Hapa ndipo palipokuwa soko la watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Krismasi mwaka huohuo, Waanglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali palepale. Inasimuliwa kwamba altare imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa, na sakafuni pamewekwa alama ya duara. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na ambaye alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare hiyo. Upo pia msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa.

Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wanaume kwa wanawake, wakiwa na minyororo shingoni. Ziliwekwa mwaka 1998. Hakuna aliyeongea. Akina mama tulitazama zile nyuso, kila mmoja akamkumbuka mwanawe.

Swali gumu

Mwenzetu mmoja akavunja ukimya. "Kwa hiyo ni baba zao majirani zetu ndio waliowatenda hivi baba zetu?"

Ni swali ambalo mtoto wako naye atakuuliza, na si vema kulikwepa. Mwongozaji wetu, ambaye ni Mwislamu, hakukasirika. Ni kweli kwamba Waarabu walimiliki mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Ni kweli pia kwamba wapo Waafrika wa bara waliowakamata wenzao na kuwauza pwani. Na wanunuzi hawakuwa wa dini moja. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, wakalime katika visiwa vya Wafaransa. Wale waliowanunua walibatizwa kama sisi.

Tena soko kufungwa hakukuwa mwisho wa utumwa. Huko Mangapwani, kiasi cha kilometa 20 kaskazini ya mji, kuna chumba kilichochimbwa chini ya ardhi ambako watumwa walifichwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Amri ya kufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897, na hata hapo masuria hawakuhesabiwa. Wanawake hao walingoja mpaka mwaka 1909. Mama anapaswa kulijua jambo hili: mara nyingi haki inapogawiwa, wanawake huwa wa mwisho kufikiriwa.

Basi tukiwaeleza watoto wetu, tuwaambie ukweli wote. Ukweli nusu huzaa chuki, na chuki hiyo mtoto atakwenda nayo shuleni, akamwangalie vibaya mwenzake wa dawati moja.

Siku ya pili: Jozani

Asubuhi tulipanda daladala kwenda Jozani, kiasi cha kilometa 35 kutoka mjini. Daladala za Makunduchi, Jambiani na Kizimkazi zote hupita hapo mlangoni. Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, na ina eneo la kilometa za mraba 50 hivi.

Mwenye sifa hapo ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani. Asili yake ni Unguja tu, hapatikani porini kwingine isipokuwa wachache waliopelekwa Pemba. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800. Kima hawa hula majani ya mikungu na miembe, halafu hutafuta mkaa wakautafuna ili kupunguza sumu ya majani hayo. Sisi wauguzi tulicheka, maana hata hospitalini mkaa maalumu hutumika kwa baadhi ya watu waliokunywa sumu!

Usiwalishe wala usiwaguse. Ukiwa na kikohozi au mafua kaa mbali nao, kwa sababu magonjwa huweza kutoka kwetu kwenda kwao, na kutoka kwao kuja kwetu. Ukimaliza msitu, pita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, uwaonyeshe watoto mahali samaki wadogo wanapokulia.

Kizimkazi

Kutoka hapo tulikwenda Kizimkazi Dimbani, kusini kabisa ya kisiwa. Msikiti wa hapo una maandishi ya Kiarabu ukutani yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Ni miongoni mwa misikiti mikongwe sana katika Afrika Mashariki, na watu bado wanasali humo.

Hapa mwenzetu mwingine alisita. Je, inafaa mama Mkristo akanyage msikitini? Tulizungumza kwa upole. Wengi tuliona kwamba kuvua viatu na kujifunika mtandio katika nyumba ya mwenyewe si kuikana imani. Bwana mwenyewe alikaa kisimani akaongea na mwanamke Msamaria. Yule mwenzetu akasema dhamiri yake haijatulia, akabaki chini ya mti, na hatukumlazimisha. Tuliporudi tulimkuta na akina mama wa kijijini wamemletea dafu, wanazungumzia homa za watoto na siku za kliniki. Pengine yeye ndiye aliyejifunza zaidi kuliko sisi tuliokwenda kutazama maandishi ukutani.

Mambo ya kuzingatia

Vaa viatu vya kufunika, kwa kuwa Jozani kuna mizizi na matope. Ndala zitakuangusha.

Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakushika. Mtoto akiacha kukojoa kwa saa nyingi, mpumzishe kivulini umnyweshe.

Mwenye shinikizo la damu au kisukari abebe dawa zake mkononi, asiziache kwenye mizigo. Mama mjamzito aulize kliniki kwanza.

Jipake dawa ya kufukuza mbu jioni na lala ndani ya chandarua. Homa yoyote baada ya safari ipimwe.

Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na kabla ya kuingia nyumba yoyote ya ibada.

Wapendwa, majengo hayatungoji. Sehemu ya Beit al Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka Desemba 25, 2020. Watoto nao wanakua upesi. Anza kuweka akiba ndogo katika kikundi chenu, chagueni siku, mwende pamoja. Na kama mnaye jirani Mwislamu, mwombeni naye aje. Yako mambo ya Kizimkazi ambayo yeye atawaeleza vizuri zaidi, na yako ya Mkunazini ambayo yafaa myasikilize mkiwa pamoja.