Ndani ya Wingu, Rubani Asadiki Vyombo Vyake



Hapa Ngungu kila mtu anaujua ukungu wa asubuhi. Unafunika milima ya Masisi mpaka mchungaji haoni ng'ombe wake. Sasa fikirini mtu anayeongoza ndege ndogo ndani ya ukungu kama huo. Jambo hili linatuhusu sisi watu wa madini. Kule Walikale, kipande cha barabara pale Kilambo kiligeuzwa kiwanja, na ndege ndogo zikabeba kasiterite mpaka Goma.

Rubani wa ndege ndogo hujifunza kwanza kuruka kwa macho: anaangalia ardhi, milima na upeo wa mbingu. Kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege kwa kusoma vipimo vilivyo mbele yake bila kuona nje, ni mafunzo mengine na kibali kingine. Kanuni za kimataifa zinadai masaa 40 ya mazoezi ya vyombo.

Kwa nini mafunzo hayo? Kwa sababu mwili unadanganya. Ndani ya sikio mna maji yanayotuambia kama tumeinama au tunageuka. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, maji hayo yanatulia, na rubani anadhani anakwenda sawa. Kumbe bawa moja limelala na ndege inashuka kwa kuzunguka. Akivuta usukani ili apande, anazidisha hatari.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilijaribu watu 20 wasiozoea vyombo. Walipozuiwa kuona nje, wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani walidumu sekunde 178, hazitimii dakika tatu. Baada ya kufundishwa, walifaulu karibu kila jaribio.

Mchimbaji anaelewa jambo hili. Shimoni, monoksidi ya kaboni haina harufu. Anayesema «mimi najisikia vizuri» anaweza kuanguka hatua mbili mbele. Ndiyo maana tunasadiki kipimo kuliko pua.

Lakini vyombo havihamishi mlima. Tarehe 1 Septemba 2008, ndege ya Air Serv, aina ya Beechcraft 1900, iligonga mlima karibu na Bukavu katika hali mbaya ya hewa. Watu wote 17 walikufa. Tena, kiwanja cha porini kisicho na mitambo ya kuongoza ndege hakifai kutafutwa ndani ya wingu, hata na rubani hodari. Rubani aliyefundishwa vema anajua kusoma vipimo, na anajua pia wakati wa kurudi.

Sisi abiria tufanye nini?

1. Kabla ya safari, uliza: rubani ana kibali cha vyombo? Hali ya hewa ikoje kule tunakokwenda?

2. Usimsukume rubani aondoke kwa sababu una haraka au mzigo unangojewa.

3. Akigeuza ndege njiani, usinung'unike. Mshukuru.

4. Ninyi mnaongoja nyumbani, msimlaumu baba kwa kulala Goma siku moja zaidi.

Mzigo uliochelewa utafika kesho. Mtu aliyegonga mlima harudi. Wazee walisema: kawia ufike.