Kuchagua Vifaa vya Bafu Katika Nyumba ya Ufipa

Katika kata ya Chanji, kama katika sehemu nyingine za mji wa Sumbawanga, wako wenye nyumba ambao sasa wanaingiza ndani kile ambacho zamani kilikaa uani. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi wa Tanzania wachimbe vyoo, na choo cha siku hizo kilikuwa shimo lililotengwa na nyumba. Choo na bafu vinapoingia ndani, maji nayo huingia pamoja navyo. Na nyumba ya matofali ya kuchoma, hasa ile ambayo matofali yake yameunganishwa kwa udongo badala ya saruji, haina adui mkubwa kuliko maji yanayopenya polepole. Hata hivyo mwenye nyumba aendapo dukani, aghalabu jambo la kwanza aulizwalo ni rangi ya vigae. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rangi ingefaa kuulizwa mwisho.

Na tuanze na tangi. Maji yatokayo katika tangi husukumwa na uzito wake yenyewe, wala si na kitu kingine. Meta 10 za kimo hutoa msukumo unaokaribia ule wa angahewa moja, kwa hiyo kila meta huongeza sehemu moja tu ya kumi. Katika nyumba isiyo na ghorofa, tangi lililoinuliwa meta 3 na bomba la mvua lililofungwa meta 2 juu ya sakafu huacha tofauti ya meta 1. Kichwa kipana cha bomba la mvua, kile chenye matundu mengi kinachosifiwa katika picha za matangazo, kimekusudiwa msukumo mkubwa kuliko huo mara kadhaa. Hapa kitadondosha matone. Dawa ni kichwa kidogo, bomba nene, na kona chache njiani.

Yawezekana pia kuinua tangi, lakini lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Rukwa imo katika Bonde la Ufa, na tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea hapa tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika Mashariki. Tani moja juu ya mnara mwembamba wa matofali si jambo la kulifanyia mzaha. Mimi ningechagua jukwaa la wastani la nguzo za zege zenye nondo, na kuridhika na kichwa kidogo.

Jambo la pili ni baridi. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai hakuna apendaye kuoga maji ya bombani asubuhi. Wengi hununua hita ndogo ya umeme inayofungwa kwenye bomba la mvua. Tuchukue hita ya kilowati 5, na maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 15 za sentigredi. Kuipandisha lita moja hadi nyuzi 38 kwahitaji kilojuli 96 hivi. Hivyo hita hiyo haiwezi kupasha zaidi ya lita 3 kwa dakika. Anayetaka lita 10 kwa dakika atahitaji kilowati 16, mzigo ambao nyaya za nyumba ya kawaida hazikutengenezewa. Hata hiyo ya kilowati 5 huvuta ampea 22, na haifai kabisa kuungwa kwenye waya wa taa. Iwe na waya wake peke yake, iwe na waya wa ardhi uliopimwa, na swichi ya usalama inayokata umeme mara tu mkondo unapovuja. Fedha zikipungua, heri zipungue kwenye vigae kuliko hapa. Bahati njema ni kwamba miezi ya baridi huku ndiyo pia miezi isiyo na mvua, na jua huwaka mchana kutwa. Kwa hiyo kipasha maji cha jua chastahili kufikiriwa, ilimradi tangi la maji baridi liwe juu yake.

Baridi huleta jambo jingine. Mvuke wa maji ya moto ukikutana na ukuta baridi hugeuka matone, na baada ya wiki chache kuvu jeusi huota pembeni mwa dari. Dirisha dogo la juu liachwe wazi, wala mtu asijaribu kupasha joto bafu lililofungwa kwa jiko la mkaa, kwani hewa ya kaboni monoksidi huua bila harufu. Ukutani, maji yanaporukia, pakwe lipu ya saruji na vigae hadi meta 2. Juu ya hapo naipendekeza chokaa. Chokaa hupitisha unyevu utoke, na ukali wake, ikiwa bado mpya, hauwapi kuvu nafasi. Pwani waliijua siku nyingi: kuta za hamamu ya Kidichi, Unguja, iliyojengwa na Seyyid Said mnamo 1850, zilirembwa kwa lipu ya chokaa, na nakshi zake zingali zinaonekana.

Sakafuni, kigae kinachong'aa kikichanganyika na sabuni ni hatari, na mzee akianguka akavunjika nyonga huenda asisimame tena. Chukua vigae vidogo vyenye uso mkavu, kwani maungio mengi huupa mguu mahali pa kushika. Niru nayo yafaa, kama fundi ataimalizia kwa brashi badala ya mwiko wa chuma. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji sentimeta 2 kwa kila meta. Tena kigae si kizuizi cha maji: maji hupita katika maungio yake. Kizuizi ni tabaka linalopakwa chini ya vigae. Kabla ya kubandika, ziba tundu, jaza maji ya kina cha sentimeta 3, ngoja siku nzima, kisha kague kuta za nje.

Kuhusu choo chenyewe, cha kukaa kinachovutwa humaliza lita 6 hadi 9 kwa mara moja. Cha kuchuchumaa kinachomwagiwa kwa kopo hutosheka na lita 2 au 3, na maji yakikatika hakigomi. Aina zote mbili zategemea kona ya bomba iliyopindwa ili ihifadhi maji, ambayo Alexander Cumming aliiwekea hataza Uingereza mwaka 1775. Sentimeta 5 za maji hayo ndizo zinazozuia harufu na wadudu wa shimoni. Zikinyonywa kwa kukosekana bomba la kupumulia lililopandishwa juu ya paa, au zikikauka katika chumba cha wageni wakati wa kiangazi, hakuna kigae kitakachosaidia. Hapo ni kumwaga kopo moja la maji kila wiki.