Ardhi ya Wazi Kando ya Ziwa Michigan

Asubuhi ya tarehe 5 Novemba, 2008, nyumba nyingi za pwani yetu zilikuwa zimewasha televisheni mapema. Chicago ulikuwa bado usiku wa tarehe 4, na Barack Obama, ambaye babake alikuwa mzaliwa wa Kenya, akiwahutubia maelfu ya watu baada ya kuchaguliwa rais wa Marekani. Uwanja ule ni sehemu ya Bustani ya Grant, iliyo kando ya Ziwa Michigan. Macho yote yalikuwa kwa msemaji. Wachache walijiuliza imekuwaje ardhi ya kiasi cha hekta 129 isalie wazi mbele ya majumba marefu, katika mji ambao kila futi ya ardhi ina bei.

Asili yake ni maneno machache katika ramani. Mwaka 1836 makamishna wa mfereji uliokusudiwa kuliunganisha ziwa na Mto Illinois walikuwa wakiuza viwanja. Juu ya ukanda wa ufukweni wakaandika kwamba hiyo ni ardhi ya umma, itabaki wazi milele, bila jengo wala kizuizi. Sisi tungesema waliiwekea wakfu.

Ukanda wenyewe ulikuwa mwembamba, na tangu 1852 garimoshi lilipita juu ya nguzo zilizosimikwa ndani ya ziwa. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 ulipouteketeza mji, vifusi vilimwagwa majini baina ya ufuo na reli. Kwa hiyo atembeaye bustanini leo, pahali pengine hukanyaga mabaki ya nyumba zilizoungua.

Kisha akatokea Aaron Montgomery Ward, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Ofisi yake ilielekea bustani, na alichokiona ni vibanda na taka. Mwaka 1890 akaenda mahakamani. Hoja yake ilieleweka hata na mtoto: walionunua viwanja vinavyotazama ziwa walivinunua kwa kuitegemea ile ramani, basi ahadi haitenguliwi bila ridhaa yao.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya kufa tajiri Marshall Field mwaka 1906, aliyeusia dola milioni 8 kwa ajili ya makumbusho. Wakuu wa mji walitaka jumba hilo lisimame bustanini. Nani angekataa zawadi kama hiyo? Ward alikataa. Alilaumiwa sana, naye mwaka 1909 akamwambia mwandishi wa gazeti kuwa aliwapigania maskini wa Chicago, si mamilionea. Naam, kumzuia mnyang'anyi ni kazi nyepesi; kumzuia aletaye zawadi ndiyo kazi. Kesi zilichukua miaka 20, na Mahakama ya Juu ya Illinois ikampa haki mara nne. Ward alifariki mwaka 1913. Makumbusho yalijengwa upande wa kusini, juu ya ardhi iliyojazwa, yakafunguliwa 1921.

Kilichoruhusiwa katikati ni maji. Chemchemi ya Buckingham ilizinduliwa Agosti 1927, zawadi ya Bi. Kate Buckingham kwa kumbukumbu ya kakake, Clarence. Bibi huyu hakutoa chemchemi tu, bali aliweka na fedha za kuitunza, jambo ambalo wafadhili wengi hulisahau. Jozi nne za farasi wa baharini zinawakilisha majimbo manne yanayolizunguka ziwa, na mkondo wa kati huruka zaidi ya mita 40. Watazamaji hawalipi chochote.

Pembe ya kaskazini palifunguliwa Bustani ya Milenia mwaka 2004, juu ya njia za reli. Jukwaa la muziki lililosanifiwa na Frank Gehry ni refu kupita kiasi kilichoruhusiwa, basi likaandikishwa kuwa ni kazi ya sanaa, si jengo. Ujanja huo mimi siupendi. Lakini ukumbi wa michezo ulio jirani yake ulichimbiwa karibu wote chini ya ardhi, ili sharti la 1836 lisivunjwe.